Fedha za mnada: akaunti ya akiba au amana ya muda maalumu?

Ndugu mfugaji, ukipunguza mifugo mapema kabla kiangazi hakijakaza, unapata bei nzuri kwa sababu wanyama bado wana mwili. Waliopitia ukame wa 2008 na 2009 kule Longido, Monduli na Ngorongoro wanajua gharama ya kuchelewa. Ukishauza, swali ni wapi fedha zikae mpaka malisho yarudi.

Kwenye akaunti ya akiba unatoa fedha siku yoyote, hata kwa wakala wa karibu, lakini riba yake ni ndogo. Amana ya muda maalumu hufungwa miezi mitatu, sita au kumi na miwili, na riba yake ni kubwa zaidi. Amana nyingi huweza kuvunjwa kabla ya muda, ila kwa gharama.

Tuhesabu. Umeuza ng'ombe 6 kwa shilingi 6,000,000. Tuseme benki inatoa asilimia 8 kwa mwaka kwenye amana na asilimia 2 kwenye akiba. Kwa miezi 6 amana inazaa 240,000. Ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 unabaki na 216,000. Akiba inazaa 60,000, unabaki na 54,000. Tofauti ni 162,000. Si haba, lakini haifiki hata robo ya bei ya ng'ombe mmoja hapo. Sasa vuli ikigoma, ng'ombe wenye ndama wanahitaji mashudu na pumba, na fedha zote zimefungwa. Aliyekwama hivyo huuza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya kutupa, na riba yote inaishia hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini uliza: nikivunja, napoteza nini? Benki nyingine hufuta riba yote, nyingine hulipa riba ya akiba tu, nyingine hutoza ada. Uliza pia kama ni lazima ufike tawini, na fedha zitatoka baada ya siku ngapi.

Jambo linalosahaulika sana ni siku ya kuiva. Amana nyingi hujifunga upya zenyewe kwa muda uleule usipotoa maelekezo, na siku hiyo huenda umehamia malisho ya mbali. Andikisha mapema kwamba ikiiva fedha ziingie kwenye akaunti yako ya akiba. Muda nao ufuate mvua: anayeuza Julai ili anunue mitamba Aprili, mwaka mzima unamchelewesha. Afunge miezi sita, kisha mitatu.

Sisi tunashauri fedha za chakula cha nyumbani, ada za shule, dawa, chanjo na chakula cha mifugo cha miezi mitatu zikae kwenye akiba kwanza. Kinachozidi ndicho cha amana, na ni afadhali kiwe amana mbili ndogo, ili ukivunja moja nyingine iendelee kuzaa. Asiyekula riba aulizie benki yenye huduma zisizo na riba.

Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana hulipa hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mteja, akiba na amana zikijumlishwa. Fedha zilizo kwenye VICOBA hazimo.

Mwisho, baba akienda na mifugo, mama aliyebaki bomani awe na sahihi kwenye akaunti. Fungueni ya pamoja, nyote wawili mkiwepo na vitambulisho.