Kijana Aendapo Kusoma Ng'ambo kwa Mara ya Kwanza

Mwanafunzi apatapo barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu cha Marekani, jamaa zake hushangilia, na mara huanza kazi ya kutafuta nauli. Jambo hili si geni katika Kenya. Mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 walisafiri kwa ndege iliyokodiwa, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, kwa kuwa nafasi za elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki zilikuwa chache mno. Mamia waliwafuata kabla ya mwisho wa mwaka 1963. Wengi walichangiwa na wazazi na majirani. Hata leo kijana wa namna hii huchukua tumaini la watu wengi, na yafaa ajue mapema yatakayomkabili.

HATI NA FEDHA

Chuo humpelekea mwanafunzi fomu iitwayo I-20, baada ya yeye kuonyesha kwamba anazo fedha za karo na za maisha kwa mwaka wa kwanza. Kisha huomba viza na kuhojiwa katika Ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi. Huulizwa atasoma nini, wapi, na nani atakayemlipia. Yafaa ajibu kwa ufupi na kwa kweli.

Asidhani kwamba atafanya kazi huko na kujilipia karo yote. Katika mwaka wa kwanza, kazi anayoruhusiwa kwa kawaida ni ya hapo chuoni, nayo isizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Mshahara wake hutosha matumizi madogo tu. Ikiwa wazee nyumbani wanatumaini kupelekewa fedha upesi, waelezwe jambo hili kabla ya safari, ili pasiwe na lawama baadaye.

SAA, JUA NA BARIDI

Katika Kenya mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Sivyo ilivyo Atchison, katika jimbo la Kansas, mji aliokwenda kusoma Wangari Maathai mwaka 1960. Huko mchana wa Desemba ni kama saa 9 na nusu, na wa Juni ni karibu saa 15. Kwa hiyo kuhesabu saa tangu maawio ya jua hakufai. Saa zao huanza kuhesabiwa usiku wa manane na tena adhuhuri. Somo la saa nane asubuhi kwa hesabu yao ni la saa mbili kwa hesabu ya Kiswahili. Wakati wa baridi, Kansas ikiwa adhuhuri, Kenya ni saa tatu ya usiku. Huo ni wakati mwema wa kuwapigia wazazi simu.

Aondoke na sweta na viatu madhubuti, naye abakishe fedha za kununua koti zito huko.

DARASANI

Walimu wa huko hutaka mwanafunzi aseme, aulize, hata apinge kwa hoja. Anyamazaye kwa heshima huweza kudhaniwa kuwa hakusoma. Alama hutolewa kwa kazi ndogo za kila juma, wala si kwa mtihani wa mwisho peke yake. Kunakili maneno ya mwingine bila kumtaja ni kosa kubwa liwezalo kumfukuzisha mtu chuoni.

UPWEKE

Furaha ya majuma ya kwanza ikiisha, huja upweke. Watu husalimu na kupita bila kusimama. Hiyo ni desturi yao, si dharau. Mgeni asijifungie chumbani. Kila chuo kipokeacho wanafunzi wa ng'ambo kina ofisa wa kuwasaidia, naye aendewe kabla shida haijakomaa.

Waliotangulia walikuta magumu zaidi, kwani ubaguzi wa rangi katika hoteli na mahali pengine pa watu wote haukukatazwa na sheria ya nchi nzima mpaka mwaka 1964. Maathai alipata shahada yake ya kwanza mwaka huo, akapata ya pili huko Pittsburgh, akarejea Kenya mwaka 1966. Kijana aagaye leo na ajue kwamba miezi ya kwanza ndiyo migumu kuliko yote, nayo hupita.