Kiangazi cha Viungani mwa Nairobi: Tuusome Vipi Utabiri wa Hali ya Hewa?

Tunaandika haya wakati wa jua kali, wakati ambapo mtungi wa maji unatazamwa kama pesa, na sukuma wiki iliyopandwa Novemba imeanza kukunja majani saa sita mchana. Kila tunapotembelea vikundi vya viungani mwa jiji, yaani upande wa Katani, Mlolongo, Athi River, Kitengela na Kamulu, swali ni lile lile: "Redio imesema mvua itakuja. Tupande, au tungoje?" Swali hili si dogo. Pesa za mbegu ni pesa za mchango, na mchango ukipotea, kikundi nacho huanza kupasuka.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa Februari, mvua ilinyesha jioni mbili mfululizo upande wa Katani. Ilikuwa mvua ya maana, yenye ngurumo, na mitaro ilijaa. Siku ya tatu tulikuwa kwenye mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama, nasi tukasema, "Ardhi imelowa, pandeni." Walikuwa wamekopa kutoka sanduku la kikundi ili kununua mahindi na maharagwe. Wakapanda. Mbegu zikaota vizuri, majani mawili matatu, halafu jua likarudi kwa zaidi ya wiki tatu. Mvua yenyewe ilipoanza, shambani hapakuwa na kitu. Mkopo ulilipwa kwa misimu miwili, na wanachama watatu walitoka. Kumbe karatasi ya utabiri wa msimu ilikuwa ofisini kwetu, kwenye droo, imeandikwa wazi kwamba mvua ingeanza wiki ya mwisho ya Machi. Hatukuwa tumeisoma. Tulidhani ni ya wataalamu.

Kwa hiyo tumekaa tukaisoma karatasi hiyo na nyingine za namna hiyo, na tungependa tuzisome pamoja nanyi.

Kiangazi chetu ni kipi?

Wengi wenu mna watoto wanaofanya kazi Uarabuni au Ulaya. Wanapiga simu Julai wakisema ni kiangazi, joto halivumiliki. Nasi hapa Julai tumevaa masweta, mawingu yametanda asubuhi hadi mchana, na manyunyu hayaishi. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, tena juu kwenye nyanda za juu, kwa hiyo kiangazi chetu kina hesabu yake. Huanza mvua ya vuli inapokwisha mwezi wa Desemba, huendelea Januari na Februari, na joto hufika kileleni Februari na mwanzo wa Machi. Wakati huo joto la mchana hapa Nairobi huzunguka nyuzijoto 27 au 28, na Julai huzunguka 22.

Sababu yake ni hii. Ule ukanda wa mawingu unaoleta mvua hulifuata jua. Desemba na Januari jua liko kusini, na ukanda huo uko nalo huko Zambia na kusini mwa Tanzania. Huku kwetu tunabaki na upepo wa kutoka kaskazini mashariki, ule ambao watu wa Pwani huuita kaskazi. Unatoka Arabuni na Pembe ya Afrika, nchi kavu, kwa hiyo hauna maji mengi ya kutupa. Mbingu ni wazi, mchana jua linachoma, na usiku, kwa kuwa hakuna mawingu ya kufunika, joto linatoroka na watoto wanalala wakitetemeka. Tarehe 21 Machi au karibu na hapo jua hupita juu ya ikweta kurudi kaskazini, na ukanda wa mawingu huja nyuma yake. Ndiyo maana masika ya kwetu, ambayo wengi wanaita mvua ndefu, huanza kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne ya Machi.

Haina maana kwamba Januari na Februari hakuna tone. Mvua za jioni huja, tena nyingine kubwa. Lakini mvua moja si msimu. Ile iliyotudanganya kule Katani ilikuwa ya namna hiyo.

Neno "kawaida" na maharagwe 20

Sasa tuje kwenye lugha ya utabiri, maana hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner, hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli. Ndani yake utasikia "mvua ya kiwango cha kawaida", "juu ya kawaida" au "chini ya kawaida", pamoja na asilimia. Kawaida ya nani?

Chukua miaka 30 ya vipimo vya mahali fulani. Ipange kutoka mwaka mkavu kabisa hadi mwaka wenye mvua nyingi kabisa. Ile 10 ya kwanza ndiyo chini ya kawaida, 10 ya katikati ndiyo kawaida, na 10 ya mwisho ndiyo juu ya kawaida. Kwa hiyo kawaida ya Limuru si kawaida ya Athi River. Limuru wakipata mvua ya chini ya kawaida, bado huenda ikawa nyingi kuliko yenu iliyo ya kawaida.

Na asilimia je? Tulipokuwa tukieleza jambo hili katika mkutano mmoja, tuliomba maharagwe. Tukatia kwenye bakuli mekundu 9, meupe 6 na meusi 5. Jumla ni 20. Mekundu ni mvua nyingi, meupe ni ya kawaida, meusi ni mvua chache. Huo ndio utabiri unaosema asilimia 45 juu ya kawaida, 30 kawaida, na 25 chini ya kawaida. Tukamwambia mama mmoja afumbe macho achote moja. Akachota jeusi! Watu wakacheka, wakasema basi utabiri ni uongo. Hapana. Utabiri haukusema jeusi halimo. Ulisema mekundu ni mengi kuliko meusi. Hata hapo, hesabu vizuri: maharagwe ambayo si mekundu ni 11. Anayesikia "mvua itakuwa juu ya kawaida" na kuweka akiba yake yote kwenye mahindi ya kuchelewa kukomaa amecheza kamari, ingawa hakujua.

Kikundi chenye busara hugawa pesa zake kama maharagwe yalivyogawanyika. Sehemu kubwa inakwenda kwa lile lenye nafasi kubwa, na sehemu inabaki kwa lile baya linaloweza kutokea: mtama kidogo, maharagwe yanayokomaa upesi, au pesa zenyewe zilale sandukuni.

Mkumbuke pia kwamba utabiri wa vuli huwa na nguvu kuliko wa masika. Vuli hufuata sana joto la bahari, la Pasifiki kule mbali na la Bahari Hindi hapa karibu, na joto hilo wataalamu wanaliona miezi kadhaa mbele. Masika ni mkaidi. Vuli nayo hushangaza wakati mwingine. Wazee wanakumbuka El Niño ya 1997 ilivyobeba madaraja na barabara. Mwaka 2015 ikatangazwa El Niño nyingine kubwa, watu wakajitayarisha, na mvua haikufika kiasi kile walichoogopa. Basi ilipotangazwa tena 2023, wengi walipuuza, na Novemba mwaka huo mafuriko yakaja kweli. Kabla ya hapo, kutoka vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ilikuwa imeshindwa mfululizo katika sehemu kavu za nchi. Aprili 2024 maji yakaingia nyumbani mwa watu Mathare na Athi River. Kwa hiyo hatuwezi kusema "mwaka jana walikosea" tukaziba masikio.

Mvua ya Nairobi si mvua yako

Jambo hili twalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu linawahusu nyinyi wa viungani kuliko mtu mwingine yeyote. Redio ikisema "Nairobi na vitongoji vyake", inazungumza juu ya nchi isiyo sawa. Dagoretti na Karen ziko juu, karibu meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ukiteremka kwenda Embakasi na hatimaye Athi River, unafika kama meta 1,500. Upepo unaopanda kuelekea Ngong na Kikuyu unapoa na kumwaga maji yake huko juu. Nyinyi wa tambarare mnabaki na kidogo, na joto lenu linazidi la Dagoretti kwa nyuzijoto kama mbili.

Tena kuna mipaka ya kaunti. Katani, Mlolongo na Athi River ni Kaunti ya Machakos, Kitengela ni Kajiado, Ruai ni Nairobi. Utabiri wa kaunti hutolewa kwa kaunti nzima, na Kaunti ya Machakos inafika hadi Masinga! Wenzetu waliotoka Ukambani wanajua pia kwamba huko mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya vuli, wala si masika. Ukihamia tambarare hizi ukiwa na desturi za Kiambu za kupanda, utalia.

Basi sikilizeni maneno madogo. Utabiri wa wiki ukisema mvua itanyesha "mahali pachache", maana yake ni chini ya theluthi moja ya eneo. "Mahali kadhaa" ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili. "Sehemu nyingi" ni zaidi ya hapo. Ukisikia mahali pachache, usianue nguo zote, lakini pia usiende kununua mbegu.

Na joto linalotangazwa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha hewa, juu ya nyasi. Nyumba ya mabati isiyo na dari saa nane mchana ina joto zaidi ya hilo. Mtoto mchanga, mzee na vifaranga wasiachwe humo kwa kuwa redio ilisema 28.

Mkebe wa kupimia

Dawa ya tatizo hili ni kupima wenyewe. Mvua hupimwa kwa milimita, na milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila meta moja mraba ya ardhi. Tafuteni mkebe ulionyooka kutoka chini hadi juu, usiwe wa kutanuka wala kubanana shingoni, maana huo utawadanganya. Uwekeni mahali wazi, mbali na ukuta na miti, mara mbili ya urefu wa ukuta au mti huo. Ushikilieni kwa mawe. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya Idara husoma, tumbukizeni rula ya mtoto wa shule, andikeni daftarini, kisha mwageni maji. Rula nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri, kwa hiyo ikateni kwanza.

Hesabu hii inasaidia hata kwenye maji ya nyumbani. Paa la meta 6 kwa 5 ni meta 30 mraba. Mvua ya milimita 10 ikinyesha hapo ni lita 300. Toeni zinazomwagika na zile chafu za mwanzo, mtapata kama 240, yaani mitungi 12. Sasa geuzeni upande wa pili. Familia inayotumia mitungi miwili kwa siku hutumia lita 40. Kutoka Januari mosi hadi Machi 20 ni siku 79, ambazo ni lita 3,160. Tangi la lita 1,000 likiwa limejaa Krismasi, litakauka kabla Januari haijaisha. Vikundi vinavyonunuliana matangi kwa zamu vingefanya vizuri kujua hili kabla ya kuchagua ukubwa, na gata ziwekwe Septemba, kabla ya vuli. Februari hakuna cha kukinga.

Kwa upande wa kupanda, tungeshauri hivi: mvua ya Februari ikinyesha, tayarisheni shamba, chimbeni mashimo, tieni mbolea ya boma. Msipande. Utabiri wa msimu ukitoka, mmoja wenu aende kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti yenu aulize mambo matatu: mvua itaanza wiki gani, itaisha lini, na kama kutakuwa na siku nyingi kavu katikati. Hilo la tatu wengi hulisahau, na ndilo huua mahindi yakiwa yanatoa ndevu. Ofisi hizo pia hutuma utabiri wa kila wiki kwa simu. Ombeni namba ya katibu wenu iandikwe.

Kile kikundi cha Katani, ambacho tuliambia kipande, hakikutufukuza. Leo kina mikebe minne katika nyumba za wanachama wanne, na katibu ana daftari. Siku moja ya Machi mkebe wa mwenyekiti ulikuwa na maji ya vidole viwili, na ule wa mweka hazina, ng'ambo ya reli, ulikuwa umelowa tu. Wakaamua mwenyekiti apande wiki hiyo, na mweka hazina angoje. Alingoja siku tisa.