Mtoto ana usonji: Je, ni kweli ndoa nyingi huvunjika?

Huenda umeshakutana nayo kwenye kundi la WhatsApp: eti wazazi wenye mtoto mwenye usonji, asilimia 80 huishia kuachana. Kwa mama aliyepewa majibu ya daktari wiki hiyo hiyo, ni kama kuambiwa na ndoa yako jiandae kuizika.

Takwimu hiyo haina msingi. Mwaka 2012 watafiti wa Kennedy Krieger Institute ya Baltimore, Marekani, walichapisha uchambuzi wa taarifa za watoto karibu 78,000. Kati ya wenye usonji, asilimia 64 waliishi na wazazi wawili walio kwenye ndoa. Wasio na usonji? Asilimia 65.

Ila tusidanganyane, kazi ipo. Utafiti wa Wisconsin uliotoka 2010 uliangalia wazazi 391 wenye mtoto mwenye usonji. Walioachana walikuwa asilimia 23.5, dhidi ya 13.8 kwa wazazi wengine. Kwa wengine hao, hatari ya kuachana ilishuka mtoto alipovuka miaka 8. Kwa wenye mtoto mwenye usonji haikushuka hata alipofika ujana. Ukifikiria inaeleweka: mtoto mwingine akikua anavaa mwenyewe, anaenda shule mwenyewe, wazazi wanapumua. Hawa bado wako zamu.

Huku kwetu kuna kingine kinachouma zaidi: lawama.

"Kwenu mna watu wa hivi?" Swali hilo likitoka kwa wifi au mama mkwe, nyumba inagawanyika siku hiyo hiyo. Wengine watasema mtoto karogwa, wengine mama alikosea kitu akiwa mjamzito. Na usidhani ni sisi tu. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, msomi wa Chicago, aliandika kitabu kizima akiwalaumu wazazi, hasa mama, kwamba ukosefu wao wa upendo ndio unaoleta usonji. Nadharia hiyo ilishatupwa. Leo inajulikana kuwa jeni zina mchango mkubwa, na nyingine hubadilika zenyewe bila kurithiwa kwa yeyote. Malezi hayasababishi usonji. Chanjo pia hazisababishi.

Hapa baba ana kazi ambayo mkewe hawezi kumfanyia: kuongea na ndugu zake mwenyewe. Mke akijibu ataitwa mkorofi. Mume akisema "mama, huyu mtoto ni wetu wote wawili, hakuna aliyekosea", maneno mengi yanaishia hapo.

Halafu kuna kupishana mwendo. Mmoja ameshakubali, anatafuta kliniki. Mwenzake bado anasema "hata mimi nilichelewa kuongea, ataongea tu". Si lazima awe mkaidi, mara nyingi ni hofu. Kinachosaidia ni kwenda kliniki pamoja, angalau siku za majibu, ili wote wasikie kwa daktari yuleyule. Akienda mmoja, anarudi nyumbani kuwa msemaji wa daktari, na ugomvi unaanza hapo.

Usiku nao una mambo yake. Watoto wengi wenye usonji wana shida ya usingizi, na mzazi asiyelala hana maneno mazuri asubuhi. Gawaneni zamu mapema, siyo saa nane usiku mtoto akiwa ameshaamka.

Pesa vilevile. Nauli za kliniki, tiba ya kuongea, na mara nyingi mama anaacha kazi. Kaeni mpange, likiwemo lile la mganga, maana hela ikienda huko kimyakimya kinachofuata ni kutoaminiana.

Ushauri wa mitandaoni wa "mtoe mwenzako out" sijui unawalenga akina nani. Mtoto anabaki na nani? Chai ya dakika 20 akishalala inatosha, bila kuongelea kliniki.

Taratibu, mfundisheni dada wa kazi au bibi yake: sauti zipi zinamsumbua, nini kinamtuliza. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Ulizia kliniki mnayokwenda kama yapo. Na mkipata nafasi, asitumwe mama peke yake.