Joto Ndilo Linaloziba Msasa

Mkanda mpya wa msasa ukipita juu ya ubao wa paina, mwanzoni hukata vizuri. Baada ya muda mfupi mashine inaanza kuteleza, harufu ya kuungua inapanda, na ukiutazama mkanda unaona mabaka meusi, magumu, yamegandamana. Fundi asiye na subira hukandamiza mashine zaidi. Hapo ndipo anapoumaliza mkanda wake.

Utomvu wa msonobari, yaani paina, una sehemu kuu mbili: tapentaini, ambayo ni kimiminika chepesi kinachogeuka mvuke, na kolofoni, kitu kigumu chenye rangi ya asali. Tapentaini inapokuwa bado imo, utomvu wote hunata. Hata ikishatoka, kolofoni iliyobaki hulainika tena joto likifika nyuzi 70 au 80 hivi, na msuguano wa mashine ya kasi hulifikia joto hilo bila shida. Vumbi la mbao likikutana na utomvu uliolainika linashikana nao, linajaa katikati ya punje za msasa, kisha likipoa linakuwa ganda. Punje zilizofunikwa hazikati tena, zinasugua tu. Kusugua kunaongeza joto, na joto linavuta utomvu mwingine juu.

Kwa hiyo tatizo huanza mbali na karakana. Mbao iliyoanikwa juani haipati joto la kutosha kuitoa tapentaini yote. Ndiyo maana viwanda vingi vya Marekani hupandisha joto la tanuri la kukaushia hadi nyuzi 71 au zaidi: tapentaini inatoka, na utomvu uliobaki unakuwa mgumu. Misonobari inayopandwa Sao Hill, Mufindi, nchini Tanzania, ina utomvu wa kutosha hata kugemwa kwa biashara. Mbao zake zikifika kwa fundi zikiwa mbichi, au zimeanikwa wiki chache tu, msasa wowote utataabika.

Hata hivyo msasa nao una aina. Ule wenye punje zilizoachana, zinazofunika takriban nusu hadi robo tatu ya karatasi, huacha nafasi ya vumbi kutoka. Mwingine hupakwa stearati ya zinki, unga mweupe wa jamii ya sabuni unaozuia utomvu usishike. Anza na namba 60 au 80. Namba ya juu ina nafasi ndogo kati ya punje, hivyo inaziba upesi. Punguza kasi, acha uzito wa mashine ufanye kazi, na unganisha kifyonza vumbi. Ukiniuliza mimi, kifyonza ndicho kitu cha kwanza cha kununua, kwa sababu kinalinda na mapafu.

Mkanda ulioanza kujaa husafishwa kwa kipande cha mpira laini wa asili, unaobanwa kwenye mkanda wakati mashine inazunguka. Usitumie waya wa chuma, kwani huzing'oa punje zenyewe.

Penye macho ya mbao, ambapo utomvu umejikusanya, mashine isitangulie. Kwangua kwanza kwa chuma kikali, kisha futa kwa kitambaa chenye tapentaini. Subiri pakauke kabisa ndipo uwashe mashine: mvuke wa tapentaini unashika moto, na mota nyingi za mashine hizi hutoa cheche.