Nyumba ya Mbao Si Nyumba ya Aibu

Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Limuru na Kinangop mpaka Molo, nyumba za mbao zimekuwako siku nyingi, wala si jambo geni. Hata hivyo, wako watu wengi waidharauo nyumba ya namna hiyo, wakisema kuwa ni banda la kupitishia muda tu mpaka mwenyewe apate fedha za kujenga kwa mawe. Kwa fikira hiyo mtu huanza nyumba ya mawe ya vyumba sita, akachimba msingi, akapandisha kuta hadi penye madirisha, kisha fedha zikamwishia. Miaka kumi yapita, majani yaota ndani ya kuta, na watoto wake wamekulia katika kibanda kinachovuja. Wengine huuza ng'ombe wa maziwa, au huweka hati ya shamba rehani, kwa ajili ya nyumba ambayo hata hivyo haifiki penye paa.

Yafaa tufikiri tena. Nyumba ndogo ya mbao, ikipangwa vizuri tangu mwanzo, yaweza kumkalisha mtu na jamaa yake kwa heshima miaka mingi, bila ya kumtia katika deni. Ikiwa nyumba nyingi za mbao zimeoza upesi, kosa si la mbao, bali ni la namna zilivyojengwa.

HESABU KABLA YA MSUMENO

Mbao zetu huuzwa kwa futi. Kwa hiyo mtu apangaye nyumba yake kwa vipimo vigawanyikavyo sawasawa hatatupa vipande vingi. Tuchukue mfano wa nyumba ya futi 20 kwa futi 16. Nusu moja, yaani futi 10 kwa 16, iwe sebule. Nusu ya pili igawanywe vyumba viwili vya kulala, kila kimoja futi 10 kwa 8.

Mzingo wa nyumba hiyo ni futi 72. Miti ya wima ya ukuta, ya inchi 4 kwa 2, ikisimamishwa kila baada ya futi 2, itahitajiwa 36, pamoja na mingine michache ya kutia nguvu pembeni na penye milango na madirisha. Mtu mwenye hesabu hii mkononi huenda kwa mwuza mbao akijua atakalo, wala hauziwi asichohitaji. Tena, katika kila pembe hapana budi zipigwe mbao za mshazari, maana ukuta usio na mshazari husukumwa na upepo ukalegea kama kiti kibovu.

ADUI WAWILI: MAJI NA MCHWA

Mbao ikikaa kavu na kupata hewa yaweza kudumu muda mrefu sana. Kinachoiua ni maji ya mvua na mchwa watokao ardhini. Watu wengi husimika nguzo moja kwa moja katika udongo, na hapo ndipo maradhi yaanzapo, kwa kuwa udongo huilowesha nguzo na mchwa hupata njia ya kupandia bila ya kuonekana.

Dawa yake ni kuinua nyumba. Nyumba ya mfano wetu yahitaji viguzo 15 vya mawe na simenti, katika safu 3 za viguzo 5, vikiinuka inchi 18 juu ya ardhi. Simenti ya kazi hii ni kidogo ikilinganishwa na ile ya nyumba nzima ya mawe. Juu ya kila kiguzo na kiwekwe kipande cha bati kilichotokeza inchi 2 kila upande, na kingo zake zikunjwe kuelekea chini. Bati hilo haliwaui mchwa, lakini huwalazimisha kujenga vijia vyao vya udongo mahali pa wazi, na mwenye nyumba akavivunja. Kila mwezi ainame achungulie chini ya sakafu. Bandu bandu huisha gogo, na mchwa hawana haraka.

Kwa upande wa mvua, paa na litokeze futi 2 nje ya kuta kila upande, ili maji yaanguke mbali na mbao. Katika kununua mabati, msomaji akumbuke kuwa bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, ingawa hesabu yake ni ndogo. Paa la nyumba hii litafunika karibu mita 45 za mraba. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, zitapatikana lita 800 na zaidi, ikiwa iko mifereji ya bati na tangi. Hivyo maji yaliyokuwa adui wa nyumba yatakuwa msaada wa mama mwenye nyumba.

MBAO ZIKAUKE KWANZA

Wako watu wapasuao mti Jumatatu na kupigilia mbao Ijumaa. Ubao mbichi hujikunja, hupasuka na kulegeza misumari, na baada ya miezi michache baridi yapita katika kila ufa. Mbao na zipangwe kivulini, zimeinuliwa kutoka ardhini, na kati ya kila tabaka viwekwe vijiti vilivyo sawa ili hewa ipite. Ubao wa inchi 1 huachwa miezi miwili au mitatu. Mnene zaidi wataka muda zaidi.

Habari ya dawa pia yataka uangalifu. Kupaka mafuta machafu ya motokaa ni desturi ya wengi, lakini mafuta hayo hayaingii ndani ya ubao na huharibu udongo. Afadhali kununua mbao zilizotiwa dawa kiwandani kwa ajili ya sehemu za chini. Lakini zile zenye rangi ya kijani mara nyingi zimetiwa dawa yenye aseniki. Vipande vyake visichomwe jikoni kamwe, kwa kuwa moshi na majivu yake ni sumu.

MOTO NA BARIDI

Jiko la kuni lijengwe peke yake, hatua kadhaa kutoka nyumba, upande ambao upepo hauleti cheche. Nyaya za umeme zipitishwe ndani ya mabomba na fundi mwenye cheti. Na kwa kuwa usiku wa Kinangop ni wa baridi kali, sebule na vyumba vitiwe dari, na kuta zipigwe mbao kwa ndani pia. Mtu asijaribu kujipasha moto kwa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya makaa haina harufu, nayo imewaua watu wengi wakiwa usingizini.

MITI YA KESHO

Mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Bei ya mbao ilipanda, na wenye miti mashambani mwao ndio waliokuwa na nafuu. Julai 2023 ilitangazwa kuwa marufuku hiyo imeondolewa, lakini fundisho lake halikuondoka: asiyepanda hana haki ya kulalamika juu ya bei.

Saipresi, ambayo asili yake ni Mexico, hufaa sana kwa kuta na sakafu, nayo huchukua miaka 25 hadi 30 mpaka ikomae kwa kupasuliwa. Grevilea, ambayo Wakikuyu huiita mukima, yaweza kupandwa mipakani mwa shamba bila ya kudhuru sana mazao. Mtarakwa ndio mti ambao mchwa huushindwa, lakini ni wa misitu yetu ya asili, nao ustahili kulindwa. Kabla ya kukata au kusafirisha miti, mtu aulize kwa maofisa wa misitu ni cheti gani kinachotakiwa. Na ramani ya nyumba aipeleke katika ofisi ya kaunti kabla ya kuanza.

Nyumba ya futi 20 kwa 16 ni ndogo, ni kweli. Lakini ukuta wa mbao hufunguliwa kwa urahisi, na chumba kikaongezwa siku mfuko unaporuhusu. Jambo kubwa ni kwamba jamaa imelala pakavu, ng'ombe yungali zizini, na hati ya shamba i sandukuni. Basi mwaka mtu anapojenga, na apande mipakani mwake miche ya kutosha nyumba nyingine. Mtoto anayezaliwa mwaka huo, atakapofika umri wa kutaka nyumba yake, ataikuta miti imemngojea.