Mchango wa Bima na Majira ya Malisho Turkana

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, ambayo wengi huiita SHA tu, iliposhika mahali pa ile hazina ya bima ya hospitali iliyoasisiwa mwaka 1966, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya ujira wake kila mwezi hata kabla hajautia mkononi. Walakini mfugaji, asiye na tajiri wala hati ya mshahara, huulizwa maswali mintarafu ya nyumba, mali na ahali zake, kisha hukadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, naye sharti alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 kwa uchache.

Rasilimali ya mfugaji ya kulipia mchango huo imo zizini. Mbuzi aliyenawiri baada ya mvua hupata bei ya haki mnadani, ilhali yule aliyekondeshwa na kiangazi, mbavu zikihesabika, huondoka kwa thamani yoyote atakayoitaja mnunuzi. Na ajabu ni kwamba Turkana imekwisha kuona bima iliyotungwa kwa kufuata tabia ya nchi: mwaka 2015 Serikali ilianzisha huko na Wajir bima ya mifugo, ambayo ilipima ukijani wa malisho kwa picha za setilaiti, na ulipopungua chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji alilipwa fedha za kununulia lishe kabla wanyama hawajafa. Ukame ulimletea fedha za mnyama wake; mchango wa afya yake mwenyewe haujui ukame ni nini. Mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, ulioletwa mwaka 2025, umeupunguza uzito wa kulipa kwa mkupuo, ingawa marejesho yake nayo yataka kipato cha mara kwa mara.

Kwa upande wa manufaa, aliyejiandikisha hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vya umma ijapokuwa hajatoa mchango, kwani gharama hiyo huchukuliwa na Serikali. Mchango hudaiwa anapopelekwa hospitali, mathalan ile ya rufaa ya Lodwar. Huko bima humlipia mzazi shilingi 10,000 akijifungua kwa njia ya kawaida, na 30,000 akipasuliwa. Nauli na chakula cha jamaa wanaomwuguza, katika safari ya yapata kilomita 120 kutoka Kakuma, hutoka mfukoni mwao.

Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wakimbizi aghalabu hutibiwa kwa fedha za wafadhili. Lakini Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, umekusudia kuwaingiza katika huduma za taifa, na hapo suala la mchango litawakabili nao.

Mamlaka na ikusanye mchango wa Turkana baada ya mvua, mbuzi wanapokuwa na bei, na Kaunti iwalipie mafukara. Nawe msomaji usingoje homa: kujiandikisha kwa *147# hakuna ada.