Mji wa Dar es Salaam na Funzo Lake kwa Kigoma na Ujiji

Kijana wa Kigoma au Ujiji akisema anakwenda mjini kutafuta maisha, mara nyingi hana haja ya kuutaja mji wenyewe, kwani kila mtu ajua ni Dar es Salaam. Njia hiyo ilifunguliwa na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Yafaa basi wazazi na vijana waufahamu mji huo, neema zake na taabu zake.

Zamani palikuwa na kijiji cha Mzizima. Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza kujenga mji hapo katika miaka ya 1860, na alipofariki mwaka 1870 kazi ikasimama. Mwaka 1891 Wadachi walihamishia hapo makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu kama 270,000. Ile ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka kumi tu wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, hesabu ipitayo mara nne ya wakazi wote wa Manispaa ya Kigoma Ujiji.

Bandari, viwanda na masoko ndivyo vilivyowavuta. Lakini mahali pengi, kama Manzese na Tandale, nyumba zilitangulia barabara. Mtu alinunua kiwanja, akajenga. Jirani naye akajenga mpaka ukutani kwake. Hapakuachwa njia ya maji, wala ya gari la zimamoto, na pengine hata jeneza hupita kwa shida. Serikali imejitahidi: mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016. Hata hivyo, ukame ulipopunguza maji ya mto Ruvu mwaka 2022, mji ulipata maji kwa mgao.

Msiba mkubwa zaidi ulionekana Desemba 2011. Mvua kubwa ilijaza bonde la mto Msimbazi, na watu zaidi ya 40 walikufa mjini. Waliokaa Jangwani wengi walikuwa maskini, waliofuata ardhi rahisi na kazi ya karibu. Baadhi yao walihamishiwa Mabwepande, mbali na riziki zao.

Nasi tukaao ufukweni tusidhani hayo ni ya wenzetu peke yao. Mwaka 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika makazi ya kando yake. Tena, Ujiji uliokuwa soko kuu ulipitwa na Kigoma kwa sababu reli ilifuata ghuba yenye kina. Desemba 2022 mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa sahihi. Reli hiyo ikifika, watu watakuja na bei ya viwanja itapanda.

Basi, anunuaye kiwanja leo aulize kwanza kama kimepimwa, na maji ya mvua hupita wapi. Asizibe korongo, na aache njia kwa jirani ambaye bado hajaja.

Na kijana atakaye kwenda Dar es Salaam, asizuiwe. Kusafiri kutafuta riziki si aibu. Lakini aende na kazi ya mikono aijuayo, ajue atafikia kwa nani, na awe na akiba, kwani kodi ya chumba huko hudaiwa ya miezi kadhaa kwa mara moja.